Meno ya Jussara Hayang'olewi

Mimi Valdenora niling'olewa meno yote asubuhi moja, nikiwa na miaka kumi na saba, na watu wakaja kunipa hongera. Si kwamba yote yalikuwa mabovu. Manane hivi yalikuwa yanacheza, mengine yalikuwa mazima kabisa, lakini mama yangu alisema ya nini kusubiri, ukoo wetu meno hayakai, heri binti aingie kwa mumewe na kinywa kipya. Ndiyo ikawa zawadi yangu ya harusi: meno ya bandia, meupe kama sahani. Wasichana wenzangu wakanionea gere. Nami nikatabasamu kwenye kila picha, mjinga mimi, na midomo imenivimba kama nimeumwa na nyuki.

Sasa nina miaka thelathini na saba, nauza mikate ya muhogo sokoni hapa Poço do Umbu, na mtu akiniuliza ugomvi wangu na mama ulitokana na nini, namjibu bila kuona haya. Tuligombania kinywa cha mwanangu.

Mwanangu ni Jussara, mmoja tu niliye naye. Mwaka jana alikuwa anatimiza kumi na tano mwezi wa nane, na kwetu msichana akitimiza kumi na tano ni karibu sawa na harusi: gauni, keki ya ghorofa tatu, dansi na baba. Baba yake, mume wangu, yuko São Paulo, anajenga majumba ya watu, lakini aliahidi atakuja. Basi Jumapili ya Pasaka tumekaa mezani, samaki wa nazi mbele yetu, Jussara akasukuma sahani. Nikamwambia aachame. Meno mawili ya mbele yalikuwa yanacheza, fizi nyekundu, nikibonyeza kidogo usaha unatoka. Yangu yalianza hivyo hivyo.

Mama yangu Otacília hakushtuka hata chembe. Akafuta mikono kwenye aproni, akatabasamu na meno yake ya bandia.

"Usiogope, mjukuu wangu. Bibi yako ameshaongea na Lindolfo. Anayatoa yote wiki moja kabla ya sherehe, anakuwekea mapya. Hiyo ndiyo zawadi yangu."

Lindolfo ni fundi wa meno wa mji wetu. Chuo hajakiona hata mlango, koleo alirithi kwa baba yake. Baba yake alimng'oa mama, yeye akaning'oa mimi, na sasa alikuwa anamsubiri binti yangu.

"Meno ya Jussara hayang'olewi," nikasema.

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe nani? Wewe ulisema nini yako yalipotoka? Ulisema ahsante!"

"Nilikuwa mtoto, mama. Ningesema nini?"

"Na mimi nilikuwa mtoto! Nimekufa? Sikuolewa? Sikuzaa saba? Valdenora, la kuvunda halina ubani. Meno ya ukoo huu yanaoza ukitaka usitake. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

Nikaondoka mezani nikaenda kulia nyuma ya nyumba, kwa hasira, si kwa huzuni. Kilichoniuma ni kwamba hakuwa anafanya ubaya. Ile zawadi alitaka kuitoa kwa mapenzi yote.

Sokoni wote wakawa upande wake. Muuza maboga akaniambia mbele ya wateja, "Valdenora, unamnyima mtoto tabasamu kwa ubishi wako tu." Nikamwambia atunze maboga yake, kinywa cha mwanangu hakiuzwi kwa kilo.

Wiki iliyofuata nikamchukua Jussara tukaenda mjini, saa tatu kwa basi, mpaka kliniki ya chuo kikuu ambako watu walisema wanatibu fizi bure. Tukapokewa na daktari mmoja mwembamba, Gildete, mwanamke wa umri wa kuwa mdogo wangu. Alimwangalia Jussara muda mrefu. Alipima na kijiti chembamba pembeni mwa kila jino, akapiga picha za mifupa. Halafu akanigeukia mimi.

"Mama, nani mwingine kwenu alipoteza meno mapema?"

"Mimi. Mama yangu. Bibi yangu. Mama wadogo wote wawili."

"Wakiwa na umri gani?"

"Huu huu wake."

Akaandika haraka haraka. Nikamuuliza basi tuna laana gani. Akacheka, lakini si kwa dharau.

"Si laana. Ni mafuta."

"Mafuta? Huyu mtoto hata nyama ya nguruwe hagusi!"

"Si ya kula." Akavuta kiti, akakaa karibu yetu. "Kila chembe ya mwili imezungushiwa utando wa mafuta. Vijidudu wakiingia chini ya ufizi, mwili unakata kipande cha utando ule, unakipika kuwa kitu kingine, mafuta madogo sana yanayopiga kelele: moto, moto, njooni! Yanaitwa prostaglandini. Ndiyo yanayoleta wekundu, uvimbe, maumivu. Na yakizidi, yanauambia mfupa wa taya ujile wenyewe. Mfupa ukiisha, jino linashikwa na nini?"

"Kwa hiyo si wale vijidudu wanaokula mfupa?"

"Wao ndio wachokozi. Anayebomoa nyumba ni mwenye nyumba."

Kikulacho ki nguoni mwako, nikawaza. Jussara alikuwa ameshika shavu. Akauliza, "Na huo moto hauzimwi?"

"Unazimwa. Mwili huohuo hupika mafuta mengine, ya aina ya pili, yanakuja baadaye kusema basi, imetosha, fagieni, nendeni nyumbani. Kwa watu wengi yanawahi. Nadhani kwenu yanachelewa, au yanakuja machache. Sina hakika. Ndicho ninachochunguza."

Akatueleza masharti yake. Alikuwa na nafasi kwenye uchunguzi wake kwa vijana ishirini. Atakayeingia atasafishwa chini ya fizi mpaka kwenye mzizi, atapewa dawa za kuua wale wachokozi, ataangaliwa mwaka mzima. Lakini kwanza apimwe: kijikaratasi chembamba kinachomekwa kati ya jino na ufizi, kinanyonya yale majimaji, maabara inahesabu kiasi cha yale mafuta ya moto. Moto ukiwa mkubwa, anaingia. Tulipewa siku, wiki mbili mbele. Zilikuwa zimebaki nafasi tatu.

Jamani, nisikilizeni kosa nililofanya, mnicheke halafu mnisamehe. Kwetu mtu haendi kwa daktari akiwa mchafu. Ukipelekwa hospitali unaogeshwa, unavalishwa nguo ya kanisani, unakatwa kucha. Je, nimpeleke mwanangu akaachame mbele ya msomi, fizi zimevimba, kinywa kinanuka? Thubutu! Siku tatu kabla, nilimsugua meno asubuhi na jioni kwa unga wa gome la juá, mti wa kwetu, unaotoa povu kama sabuni. Nikamsukutuza maji ya chumvi. Na nikamnunulia dukani vile vidonge vya uvimbe, vya rangi ya machungwa, vinavyouzwa kimojakimoja pembeni ya pipi. Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Uvimbe ukashuka, maumivu yakaisha. Kinywa kikang'aa, nikajisifu mwenyewe.

Siku ya kupimwa Daktari Gildete alimuuliza, na mimi nikajibu kwa niaba yake.

"Anatumia dawa yoyote?"

"Hapana, daktari. Hatumii."

Na sikusema uongo! Kwetu dawa ni ile daktari kaiandika kwenye karatasi. Vidonge vya dukani ni kama kahawa, nani anahesabu kahawa?

Baada ya siku nane akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya upole, nikajua hapo hapo kuna jambo. Akasema kipimo kimetoka kidogo sana, karibu sawa na mtu mwenye fizi nzima. Picha zinaonyesha mfupa umeliwa, lakini moto hauonekani, kwa hiyo kwa masharti ya uchunguzi hawezi kumwingiza. Ataniandikia barua nimpeleke kliniki ya kawaida. Foleni yake ilikuwa miezi kumi na moja.

Mama alikuwa amesimama pale pale, anachambua maharage, masikio yote kwangu.

"Eeh? Wamesemaje?"

"Wamesema hana moto."

"Si nilikwambia!" Akapiga kofi pajani. "Hata wasomi wamenawa mikono. Haya, mchunguzi, umeridhika? Lindolfo anakuja Jumamosi kuchukua kipimo cha taya."

Siku mbili nilikwenda sokoni kama kawaida. Niliuza mikate. Nilimwangalia Jussara akila uji wa mahindi kwa upande wa kushoto tu wa kinywa, uvimbe umerudi, na nikasema moyoni, huyu daktari ni kipofu au mimi ni mwendawazimu. Moto hakuna? Mbona mtoto haulalii mto wake bila kuutia damu?

Siku ya tatu nikapanda basi bila kuaga. Niliingia kliniki bila kugonga, nikamkuta Daktari Gildete anakula chapati ya mayai juu ya makaratasi.

"Daktari, mimi sikusoma, lakini macho ninayo. Unaniambia mwanangu ni mzima? Mzima?"

"Mama Valdenora, kaa kwanza."

"Sikai! Nimemleta hapa safi, nimemtengeneza siku tatu nzima, nimemsugua mpaka mkono umeniuma, nimempa vidonge vya uvimbe ili asiniaibishe, na wewe unamtupa kama..."

"Umempa nini?"

"Vidonge vya uvimbe. Vile vya machungwa."

Akaweka chakula chini. "Vingapi?"

"Vitatu kwa siku. Mpaka asubuhi ile ile."

Nilimwona anafumba macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, na mimi nimesimama pale nataka kumpiga na mkoba.

"Mama! Vile vidonge kazi yao ni moja tu: vinafunga jiko linalopika yale mafuta ya moto! Ndiyo maana maumivu yanaisha. Umezima jiko, halafu ukaniletea nipime moshi!"

"Na... fizi zinapona?"

Hapo akaacha kucheka. "Kwa siku zile unazomeza, zinatulia. Uchafu uko pale pale chini, wachokozi wako pale pale. Ukiacha, moto unarudi. Huwezi kummezesha mtoto vidonge maisha yake yote, tumbo litatoboka." Akajifuta macho. "Kosa langu pia. Nilikuuliza dawa. Ningekuuliza vidonge vya dukani."

Ndipo nikakaa.  Nikamwomba ampime tena, nikamwambia sitoki pale mpaka akubali. Akasema nafasi imebaki moja, na itafungwa baada ya wiki tatu. Jussara akae siku kumi na nne bila kidonge hata kimoja. Ataumwa. Atavimba. Akimeza hata kimoja, basi.

Jioni ile nilimweleza Jussara kila kitu, sikumficha, maana kinywa ni chake. Mama alikuwa anasikiliza toka jikoni.

"Wiki mbili?" Jussara akauliza.

"Wiki mbili. Ukiona huwezi, sema. Sitakugombeza."

"Na nikishindwa ndiyo meno ya bibi?"

"Sitakubali. Lakini sitakuwa na njia nyingine ya kukuonyesha."

Akafikiri. "Mama, sitaki kuyavua usiku kama wewe. Nakuonaga ukiyavua. Unageukia ukutani."

Sikujua kwamba ananiona. Miaka ishirini nimelala na mume na sijawahi kumwonyesha kinywa changu kitupu, na mtoto alikuwa anajua. Nilitoka nje nikarudi.

Basi zikaanza zile wiki mbili, na ndio wakati wa sikukuu za Mtakatifu Yohane, mahindi yanachomwa kila kona, watu wanacheza. Mwanangu alikuwa amekaa mlangoni na kitambaa shavuni. Siku ya sita uso ulivimba. Siku ya nane hakwenda shule. Majirani walipita wakisema kwa sauti ili nisikie, "Huyu mama hana huruma." Mama alikuwa hanisemeshi, ananiwekea chakula mezani kwa kishindo.

Siku ya kumi niliporudi sokoni nikawakuta wawili jikoni. Mama ameshika glasi ya maji mkono mmoja, kidonge cha machungwa mkono wa pili, machozi yanamtoka.

"Meza, mwanangu. Mama yako hajui. Kimoja tu."

"Sitaki, bibi."

"Unaumia bure! Yatatoka tu!"

"Basi yatoke yenyewe!" Jussara akapaza sauti, yule mtoto ambaye hajawahi kumjibu bibi yake tangu azaliwe. Akakichukua kile kidonge kiganjani mwa bibi, nikadhani anakimeza. Akakitupa dirishani kwa kuku. "Nikilia niache nilie. Usinishike!"

Mama aliganda pale na glasi yake. Alimtazama Jussara kwa namna ambayo sikuielewa siku ile. Kisha akaweka glasi chini, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango, na hakutoka mpaka asubuhi.

Siku ya kumi na nne tulirudi kwa Daktari Gildete, mtoto ananuka, amevimba, nywele hazijachanwa, nami nikajivunia. "Haya," nikamwambia, "nimekuletea uchafu wenyewe." Akachomeka vijikaratasi vyake. Safari hii simu ikaja baada ya siku tano. Kipimo kilikuwa mara tisa ya kile cha kwanza.

Walimsafisha kwa siku nne mbalimbali, kwa ganzi, kila upande chini ya ufizi, wakampa dawa aina mbili za wiki moja. Daktari hakunidanganya. Aliniambia gego moja la chini limechelewa kutibiwa, pengine litapotea, na mfupa ulioliwa haurudi wote. Nilimuuliza kuhusu samaki, kwa maana alishasema yale mafuta ya kuzima moto mwili unayapika kutokana na mafuta ya samaki. Akasema ale dagaa kwa afya yake, lakini nisije nikasimama sokoni nikatangaza kwamba dagaa wanaponya fizi, maana bado hajathibitisha hilo, na bila kusafishwa hakuna samaki atakayemsaidia. Nilimlisha dagaa hivyo hivyo.

Gego lilitoka kweli mwezi wa saba. Moja. Mengine yalibaki.

Siku ya sherehe baba yake Jussara alifika na koti la kuazima. Ua wetu ulijaa watu, keki ghorofa tatu, muziki wa kodiani. Nilidhani mama ameshakubali yaishe, kwa sababu alikuwa kimya wiki nyingi. Lakini baba na binti walipomaliza kucheza, mama akasimama katikati, na Lindolfo pembeni yake na kisanduku chenye utepe wa waridi. Ndani mlikuwa na meno ya bandia, Lindolfo alikuwa ameyatengeneza. Kipimo cha taya alikichukua Jumamosi ile nilipokuwa sokoni, na Jussara hakuthubutu kuniambia.

"Mjukuu wangu," mama akasema, watu wote kimya, "mama yako ana maneno mengi. Mimi nina zawadi. Utakapochoka kuumwa, haya hapa."

Watu wakapiga makofi. Makofi! Damu ikanichemka. Nikaingia katikati, na mbele ya mume wangu, mbele ya padri, mbele ya muuza maboga, nikaingiza vidole kinywani nikayavua meno yangu, ya juu na ya chini, nikayaweka juu ya kile kisanduku. Mashavu yakaniporomoka. Nikasikia mtu anasema "Yesu!" Bila meno maneno yangu hutoka yamelegea, lakini niliyatoa.

"Tazameni vizuri. Hii ndiyo zawadi. Miaka ishirini sijauma embe. Miaka ishirini nageukia ukutani. Mama, nilikuambia ahsante kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Huyu ameulizwa, akakataa. Lindolfo, chukua kisanduku chako uende nacho."

Lindolfo alimtazama mama. Mama hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi kinywani, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kukiona tangu asubuhi ile ya Lindolfo. Mume wangu akaja akasimama karibu yangu, akanishika kiuno.

Mama akamgeukia Jussara.

"Achama," akamwambia.

Jussara akaniangalia, nikaitikia kwa kichwa. Akaachama. Mama akainua kidole, akagusa jino la mbele, lile lililokuwa linacheza Pasaka. Akalisukuma. Akalisukuma tena kwa nguvu zaidi, nikataka kumzuia. Jino halikuyumba. Fizi hazikutoa damu.

"Limeshika," mama akasema.

"Ndiyo, bibi."

Akaacha kidole pale pale kwenye jino muda mrefu, mbele ya watu wote.

"Mimi walinishika watu wanne," akasema.

Alimwambia Jussara peke yake, kwa sauti ndogo, lakini muziki ulikuwa umenyamaza na sote tulisikia. "Wawili mikono, wawili miguu. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Nilipiga kelele waniache, na walikuwa wananiambia tulia, ni zawadi."